Lundo Lililozimwa kwa Maji

Jumatatu, 3 Februari

Leo lundo limepata joto! Nimeingiza mkono hadi kiwiko nikautoa mbio. Bakteria wangu wanakula. Majani makavu, maganda ya jikoni, samadi ya kuku – wanatafuna vyote, wanapumua, na kazi hiyo ndiyo inayoleta moto. Nimekwenda kumweleza Mama. Akaniuliza kama nimeshaanua nguo.

Haidhuru. Makubaliano ni makubaliano: mboji ikiiva kabla ya mvua, kiwanja cha nyuma kinabaki bustani yangu. Isipoiva, Kaka anajenga vyumba vya kupangisha. Mama ndiye aliyeamua, maana kiwanja ni chake. Udongo wenyewe umekufa – miaka na miaka ya mbolea ya dukani na dawa, hakuna hata nyungunyungu. Mahindi ya mwisho yalitoka ya manjano. Niliwaambia nitaurudishia viumbe wake. Wifi akasema wenzangu wanaua wadudu, mimi nafuga.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa seremala kuomba maranda. Narudi – bwawa!

Wifi aliona moshi ukitoka kwenye lundo, akapiga mayowe kwamba linaungua. Ulikuwa mvuke. MVUKE! Kaka akafungulia mpira wa maji asubuhi nzima. Majirani wamempa pongezi. Mama anasimulia kila anayepita jinsi mwanawe alivyoiokoa nyumba.

Nikawaambia mmewazamisha. Kaka akageuka huku na huku.

“Tumemzamisha nani?”

“Bakteria.”

Walicheka mpaka Wifi akaegemea ukuta. Kinachoniuma si kicheko. Mama nilimwambia Jumatatu, kwa mdomo wangu, kwamba lundo lina joto. Alikuwa pale pale mpira ulipofunguliwa. Hakutia neno.

Jumapili, 9 Februari

Linanuka. Yai viza ni afadhali. Wale wanaohitaji hewa wamekufa maji, wamebaki wale wasioihitaji, na hao wakishika usukani ni uvundo mtupu. Kaka amekula chakula cha mchana ameziba pua, ananitazama mimi. Alizamisha mwenyewe, sasa analalamikia harufu! Wifi anasema wageni wataonaje.

Nina hasira.

Jumatano, 12 Februari

Nimelibomoa lote. Nimelitandaza lipate hewa, nikachanganya maranda na majani makavu, nikalipanga upya. Bwana shamba – yule aliyenifundisha kazi hii – kanipa ndoo ya mboji yake kuukuu nitie katikati, kama mtu anavyotia hamira kwenye unga. Akanionya kwamba udongo uliopigwa dawa hivyo hauponi kwa msimu mmoja. Hilo sitawaambia nyumbani.

Mgongo wangu umekwisha. Kaka alikuwa kibarazani, miguu juu ya stuli. Sepetu mbili zilikuwepo.

Jumapili, 16 Februari

Baridi. Hakuna kitu. Nimeingiza mkono asubuhi, mchana, jioni.

Kaka amepima kiwanja kwa kamba na vigingi. Nikamkumbusha kwamba mvua bado. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio unaonichefua, kwamba Mama ameshakubali. Nikamwendea Mama chumbani. Hakukana. Alikuwa anakunja kanga, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

“Kaka yako ana watoto,” akasema.

Nami nilirudi kutoka kwa mume mikono mitupu. Hilo hakulisema. Anajua nalisikia hata asiposema. Nikamwambia basi na nyumba ampe, na kanga hizo pia. Sijuti hata kidogo.

Jumanne, 18 Februari

Vuguvugu? Labda ni jua tu. Sitaki kujidanganya.

Alhamisi, 20 Februari

Joto! Joto la kweli! Harufu imekwisha, lundo linanukia udongo uliolowa. Ndani kuna nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa kila mahali. Hawakufa wote. Au wamezaliwa wapya, sijui, nimekaa chini nikalia.

Nikamwita Mama. Alikuja, akavua bangili, akaingiza mkono mwenyewe. Akauacha humo kitambo.

“Ni la moto kweli, mwanangu.”

Mwanangu! Sijui mara ya mwisho kuniita hivyo ni lini. Halafu akaenda kunawa kwa sabuni, mara mbili. Lakini atazungumza na Kaka. Nimemwona usoni. Atazungumza naye.

Jumamosi, 22 Februari

Lori la kokoto limekuja. Kaka yuko kazini, anamwelekeza dereva kwa simu: apite pale penye uchafu, amwage nyuma.

Uchafu ni lundo langu. Nimepanda juu yake nikakaa. Naandika hapa hapa. Linanichoma makalio – tangu nilianze halijawahi kuwa na moto wa namna hii. Dereva si mtu mbaya. Amezima injini, anasema yeye katumwa tu, atangoja wenye nyumba waelewane. Wifi yuko dirishani na simu sikioni. Nimemwambia dereva mwenye kiwanja ni Mama, aulizwe yeye.

Wamekwenda kumwita. Jua kali. Kichwa kinaniuma.

Mlango wa jikoni umefunguka. Ni Mama, amebeba kiti. Anakuja huku. Nimejifuta uso, nimesawazisha pahali pa kukiweka.

Amenipita. Amempa dereva.