Kugawanya kwa Ishirini na Nne

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na baba, kikohozi kimepungua, au bado anazikimbia dawa kwa kuwa ni chungu? Sisi huku miili ni mizima. Mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Dada alipotutoka, tuliafikiana na shemeji kwamba nitakaa huku mpaka mjukuu wako, Chiriku wetu, aache kuvuta mkia darasani. Mwalimu alisema kinachomshinda ni kugawanya namba kubwa kwa namba ya tarakimu mbili. Basi kila akitoka shule tunakaa mezani jikoni, mimi namenya viazi, yeye anagawanya.

Chukua 7,848 kwa 24. Anaanza vizuri: katika 78 inaingia mara tatu, inabaki sita, anashusha nne. Katika 64 mara mbili, inabaki kumi na sita, anashusha nane. Akifika kwenye 168 anakwama. Anaandika nane, anazidisha, anapata 192, anang'ata penseli. Namwambia imezidi, apunguze moja. Anaandika saba, haibaki kitu, ananiegemea begani kama mtu aliyetua gunia. Kesho yake, kosa lilelile! Nikasema kumbe natia maji kwenye pakacha.

Wiki iliyopita nilikwenda shuleni kumwomba mwalimu amvumilie. Mwalimu akanishangaa. Alisema siku hizi kwa kugawanya hakuna anayemfikia Chiriku. Yeye ndiye anayewaelekeza wenzake ubaoni. 

Niliporudi nyumbani nilimuuliza Chiriku taratibu, bila kumkaripia. Akang'ata penseli. Mwishowe akasema, "Mama mdogo, si mlisema nikijua utaondoka?" Kumbe siku ile tunaafikiana na baba yake alikuwa nyuma ya mlango. Nilimkumbatia tu. 

Sasa nikwambie lenyewe. Shemeji anaoa mwezi ujao. Simlaumu, bado kijana, na mchumba wake ni mtu wa heshima. Lakini jana aliniita sebuleni, macho yake kwenye zulia, akanieleza kwamba mwenzake hataki kuingia akutane na sura ya marehemu kila asubuhi. Unajua nilivyofanana na dada. Nikamsihi basi aniache nije na mtoto. Akakataa: mtoto ni wake, na shule yake iko hapa. Haki anayo, Mama, na hilo ndilo linalonichoma.

Leo nilimwambia Chiriku mwenyewe. Nikamwambia kuondoka kwangu si kwa sababu amejua; ningeondoka hata asingejua. Nilidhani namwondolea lawama. Akaniuliza, "Kwa hiyo hata ningekosa zote?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia. Alileta penseli yake, akaniomba nimwandikie hesabu nyingine, namba ndefu mpaka ukingo wa karatasi. "Ili ichukue muda," akasema. Nimemwandikia. Anaigawanya sasa hivi hapa mbele yangu, polepole, na kila akishusha tarakimu anainua macho kuniangalia kama bado nipo.

Nitafika Jumamosi. Nisalimie baba na majirani wote. Tafadhali nikifika usiniulize kitu mlangoni, nipokee mzigo tu.

Ni mimi,
mwanao uliyebaki naye