Siku Tulipoamriwa Kuondoka

Kaka yangu Masanja,

Mwangaluka. Natumaini hii karatasi itakukuta umekaa nje unakunywa uji, na mguu ule uliokanyagwa na maksai umeacha kukusumbua. Mayu anaendeleaje na presha? Bado anaficha vidonge chini ya godoro? Na mahindi ya hapo Litapunga, mmevuna kitu au viwavi vimewatangulia? Mimi mwili mzima, mikono na miguu yote ipo, Mungu ashukuriwe. Mengine utayasoma humu. Usimsomee Mayu, moyo wa mama hautayabeba, mpe salamu tu.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nitalia, na wewe ukinisikia nalia utakata. Sajini mmoja wa Sumbawanga anatangulia nyumbani na majeruhi, ndiye atakayeiacha Mpanda stendi, kwa binamu yetu anayeuza vipuri vya pikipiki.

Kaka, nilikusikia. Ile video ya mkutano wa kijiji imefika mpaka huku Kongo. Tulikuwa kwenye foleni ya chai, koplo mmoja akaiwasha kwenye simu, nikashtuka, sauti naijua. Umesimama mbele ya meza ya wageni wa serikali unasema, "Warudisheni watoto wetu! Vita si yetu, lakini maiti ni zetu. Deusi wa mama Paskalia amekufa kwa ajili ya nini?" Watu wakakupigia makofi. Huku nako wapo waliopiga. Koplo akasema, "Huyu naye vita anaijulia wapi?" Nikamwambia, "Ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja." Akazima simu.

Sikukasirika. Lakini uliuliza Deusi alikufa kwa ajili ya nini, na mimi ndiye niliyemshika alipokuwa anakufa. Acha nikujibu.

Kambi yetu ilikuwa kwenye shule ya msingi juu ya kilima. Chini yake kuna mji mdogo na soko. Mimi na uuguzi wangu nilipewa ofisi ya walimu, na Deusi alikuwa anaendesha lori la pili. Kulikuwa na mwalimu anaitwa Furaha, mwanamke wa rika langu, aliyekuwa ananitafsiria wagonjwa wasiojua Kiswahili. Alikuwa ananicheka, anasema naongea kama redio.

Waasi walianza kupiga asubuhi moja, mvua inanyesha. Bomu la kwanza liliangukia wauza samaki. La pili likaangukia waliokimbilia kuwaokota wale wa kwanza. Mji mzima ukapanda kilima kuja kwetu. Kamanda akafungua geti, madarasa yakajaa, korido zikajaa. Niliwashona watu sakafuni, magoti yangu yakiwa kwenye damu. Waliniletea mama mmoja wamembeba juu ya mlango uliong'olewa, na mkono wake wa kushoto wameulaza juu ya tumbo lake, haushikamani tena na bega. Akaniuliza kama nitaurudishia.

Askari wetu walijibu mapigo siku mbili. Ya tatu redio ikasema tuondoke. Risasi zilikuwa zinaisha, msaada haufiki, na barabara pekee iliyobaki ingefungwa kabla ya saa sita mchana. Kamanda akatukusanya. "Pandeni magari. Raia hapandi, nafasi haipo." Alisema hivyo anaangalia chini.

Watu wakaona tunapakia masanduku. Furaha akanijia mbio. "Dada Kabula, muko naenda wapi?"

Nikamwambia, "Tunahama kidogo tu."

Aliniangalia, kaka, akaona uongo. Akaenda akalala chali kwenye tope mbele ya lori la kwanza. Wakamfuata wengine, kina mama na watoto mgongoni, wazee, wakajipanga mpaka getini. Wanapiga kelele, "Mukienda batatuua! Mutukanyage nyie kwanza!" Dereva wa mbele akazima injini akainamia usukani. Kamanda akapiga risasi hewani. Hakuinuka hata mmoja.

Ndipo Deusi akashuka. Bunduki aliiacha kwenye kiti. Akamwinamia Furaha, nikamsikia kabisa anamwambia, "Mwalimu, inuka. Nitakubeba mimi, wewe inuka tu." Akamwekea mikono chini ya mabega.

Bomu likaangukia kwenye mlingoti wa bendera.

Masikio yangu yaliziba. Niliamka nikaona midomo ya watu inafunguka bila sauti. Furaha alikuwa amekaa, mzima, damu ya mtu mwingine imemjaa usoni. Deusi alikuwa chini. Kuanzia magotini hakuna kitu, na tumbo limefunguka. Nilirudisha ndani nilichoweza kurudisha, nikafunga kwa kitenge cha mtu, kwa sababu bendeji zilikuwa zimeshapakiwa.

Akaniuliza, "Kabula, miguu ipo?"

"Ipo."

"Mbona siisikii?"

"Nimekuchoma sindano ya ganzi."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyeridhika. Tukamtupia nyuma ya lori. Na njia sasa ilikuwa wazi, kaka, kwa sababu waliokuwa wamelala mbele yetu ama walikuwa wamekimbia ama wamekufa. Bomu la adui ndilo lililotufungulia njia, na sisi tukapita. Niliona Furaha amesimama getini. Hakupiga kelele tena. Deusi alikata roho tukivuka daraja.

Baada ya wiki tulirudi na kikosi kingine. Harufu niliisikia kabla sijashuka. Wale tuliowaacha walikuwa kwenye chumba cha darasa la tatu, waasi wamewafunga mikono kwa waya wa uzio. Hawakupoteza risasi, walitumia mapanga. Ukutani damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye picha za kufundishia kuhesabu. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba tulifunga midomo kwa vitambaa. Furaha nilimtambua kwa sweta, kwa sababu sweta nilimpa mimi. Kichwa chake nilikitafuta chini ya madawati mpaka nikakipata, nikamzika mzima.

Sasa ukiniuliza Deusi amekufa kwa ajili ya nini, jibu langu ni hili: alikufa anamwinua mwalimu kwenye tope ili sisi tupate kumwacha. Sijui hilo ni la nini. Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma.

Wewe umesema kweli. Tuko wachache, vita si ya kwetu, na wanaoiendesha hatujawahi kuwaona. Mimi mwenyewe nataka kurudi, kila siku nataka kurudi, naota udongo wa shamba letu. Lakini nimeona kuondoka kunafananaje. Ukisimama tena mkutanoni na kusema warudisheni, uwaulize na hili: wale wanaobaki getini mmewaambia lini?

Kwa sababu imekuja tena. Tulihamishiwa mji mwingine, na mwezi huu zikaja taarifa kwamba tunafunga kambi. Kamanda akakataza raia wasijue. Kulikuwa na mama anatuuzia maandazi pale getini, na kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Mutaenda siku gani?" Siku tano niliweza kusema sijui. Ya sita nikamnong'oneza, "Jumamosi. Msingoje. Ondokeni mchana, pitieni njia ya ziwani."

Kesho yake mji ukaanza kutembea. Magodoro, mbuzi, masufuria, wazee wamebebwa kwenye baiskeli. Siku mbili nzima walikuwa wanapita. Kamanda akatupanga mstari.

"Nani amewaambia?"

Nikatoka mbele. "Mimi, afande."

"Unajua umewauza wenzako? Adui naye ameona."

"Najua, afande."

Akanivua cheo palepale, kwa mikono yake. Na alichosema kilikuwa kweli, ndiyo maana sijakificha. Jumamosi tulipoondoka walitusubiri kwenye kona ya mlima. Walipiga lori la mbele. Hakufa mtu, lakini askari mmoja wa Tabora kipande cha chuma kilimwingia kwenye jicho. Nililitoa mimi, huku gari linaruka kwenye mashimo na watu wawili wamemshikilia. Tulipofika salama akaniuliza, "Ni kweli ulikuwa wewe?" Nikasema ni mimi. Akageukia ukutani, na mpaka leo nikimbadilishia bendeji analifumba jicho lililobaki.

Yule mama wa maandazi alinipigia simu juzi. Waasi waliingia mjini wakakuta mbwa na kuku. Walichoma nyumba yake. Yeye na wanawe wako ziwani, kwenye turubai, wanaharisha lakini wapo.

Nikifika nyumbani nitashtakiwa, na kazi huenda ikaishia hapo. Ukisikia watu wanasema dada yako alisaliti jeshi, usigombane nao. Waambie nitakuja kusema mwenyewe, na huyo aliyepoteza jicho naye aseme yake, kwa sababu ana haki.

Msalimie Mayu, mwambie nakula vizuri. Msalimie wifi, na yule mwanao niliyemwacha anatambaa. Mjomba aliyehamishia ng'ombe Ugalla mwambie picha ya ndama niliipata. Na mama Paskalia uende kwake mwenyewe, usitume mtu. Najua jeneza lililetwa limepigwa misumari, na najua anauliza ndani kulikuwa na nini. Mwambie mwanawe hakuwa peke yake, na mikono yake ilikuwa inamwinua mtu. Akiuliza kuhusu miguu, sema ilikuwepo. Kabula ndiye aliyesema.

Ni mimi mdogo wako,
Kabula