Noti za Mdachi

Kilindoni, Mafia
1922

Kwa dada yangu Thuwaiba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Unguja, wewe, shemeji na watoto. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Tangu serikali ifungue hapa ofisi ya kubadilisha fedha, sipumziki. Rupia zinaondoka, shilingi zinaingia, na kisiwa kizima kinapita mezani kwangu. Watu wa Bweni wanafika kwa miguu, nyayo zimewavimba. Wengine huigonga shilingi mezani wasikilize mlio wake, kisha hunitazama kana kwamba nimeitengeneza mwenyewe.

Juzi alikuja Bi Mize wa Kirongwe, yule mjane, kafunga kitu kwenye pembe ya kanga. Kumbe ni noti za Mdachi, za enzi ya utawala wa Wajerumani, bado mpya, hajapata kutumia hata moja. Nikamweleza kwa upole kwamba hizo hazipokelewi tena, hapa wala kwingineko. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo minazi yangu imekwenda bure, mwanangu?" Nikataka kujua nani alimlipa. Akainamisha uso, akasema hawezi kumsema maiti mbele ya mwanawe.

Dada, alikuwa baba. Nilikwenda kwa Mzee Shamte, aliyeshuhudia mauzo, akanieleza yote. Manowari za Waingereza zilikwisha onekana, na baba alijua fedha ya Mdachi inakufa. Akaharakisha kulinunua lile shamba la Kirongwe, akalipa kwa karatasi zile. Mzee Shamte alimkataza. Baba akamwambia anyamaze, ashuhudie tu.

Najua tumelelewa kwa nazi zile, na arusi yako ilitoka humo. Siandiki haya kumvunjia baba heshima kaburini. Lakini kutwa nawaambia watu waiamini fedha ninayowapa, na sauti imenikauka.

Jana nilikwenda kwa kadhi, nikamrudishia Bi Mize fungu langu la shamba. Fungu lako sikuligusa, ni haki yako. Ukiliacha, niandikie. Usipoliacha, sitakulaumu, ila tafuta mtu mwingine wa kukuangulia nazi.

Bi Mize hakunishukuru. Aliniuliza kama nawe umeridhia, nikamwambia nitakuandikia.

Msalimie sana shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Shangazi Sihaba anakusalimu; kifua chake hakijambo kidogo.

Nduguyo akupendaye,
Ameir