Kabla Ngoma Hazijaingia

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa vipindi kaja na wazo. Akija na wazo mimi huinua kikombe changu, maana hupiga meza. Leo kapiga, chai ya mwenzangu yote sakafuni. Wasikilizaji wapige simu waeleze kumbukumbu zao tamu za ile santuri ya okestra tunayoicheza kila Jumamosi saa kumi jioni tangu kituo kifunguliwe. Ile inayoanza na filimbi moja, pole pole, kama mtu anayetafuta viatu gizani. Halafu fidla, halafu tarumbeta, halafu ngoma — ngoma! — mpaka dari linaomba msamaha. Amri ya kituo: haikatwi, hata jengo likiungua. Fundi mitambo ni mimi, kwa hiyo atakayeungua anajulikana.

Simu zimemiminika. Daktari wa meno mstaafu: alikuwa akingoja ngoma ndipo ang'oe, mgonjwa apige kelele zake bila aibu. Muuza nyama: hukata mifupa kwa mdundo wake, aliwahi kukata na kidole, akaendelea mpaka mwisho "kwa heshima". Mama mmoja: ilipigwa harusini kwake, mashemeji wakatwangana viti, mmoja akapoteza jicho. "Siku nzuri sana ile," anasema, na machozi yanamtoka.

Kumbukumbu tamu! Watu hawaupendi muziki huu kwa utamu wake. Wanaupenda kwa kuwa unawapa ruhusa.

Jumanne, 4 Machi

Kapiga bibi mmoja mwenye kikohozi. "Mwanangu, redio yangu ilishakufa, tangazo lenu nimeambiwa na jirani. Mimi huusikia kwa hao walio juu yangu. Kila Jumamosi. Wanapendana wale! Ngoma zikiingia wanacheza, taa yangu inayumba, vumbi linaangukia kwenye chai. Na mke naye anaimba. Sauti nyembamba, ya juu, mwili mzima unanisisimka."

Anakaa wapi? Nimeuliza ili nipate cha kuandika tu. Nyuma ya soko la mbao, kasema, juu ya duka la magodoro, ghorofa ya kwanza.

Ghorofa ya pili anakaa dada yangu.

Dada yangu haimbi. Kwaya ya shule walimwomba asimame mstari wa nyuma afungue mdomo tu.

Mkuu wa vipindi kaisikiliza kanda, kapiga meza. "Hiyo iende hewani! Mapenzi hayo!"

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa dada mchana, shemeji akiwa kazini. Kafungua mlango robo. Gauni la mikono mirefu, na joto hili. Nikauvuta mkono juu. Zambarau katikati, njano pembeni, na alama ya chuma cha mkanda imekaa pale kama muhuri wa serikali.

"Nilianguka bafuni."

"Bafu lenu linavaa mkanda?"

Kacheka, kisha akashika mbavu. Akaketi kuchambua mchele, akanieleza yote bila kuinua uso. Shemeji hungoja ngoma. Filimbi ikianza, anavua saa, anaiweka juu ya redio. Fidla zikiingia, anakunja mikono ya shati. "Mdogo wangu, huko kungoja ndiko kunakouma."

Nikasema twende, sasa hivi, hivyo ulivyo. Akasema shemeji kaapa: akiondoka atamfuata mpaka kwa mama, na dumu la mafuta ya taa. "Usinifanyie vurugu. Wimbo ukiisha na yeye huisha. Huketi akalia, huniletea maji. Mwaka jana umeme ulikatika katikati. Mvua inanyesha, hakuna anayemsikia mwenzake. Hakujua pa kuishia."

Akafungua mdomo, akanionyesha upande wa kushoto. Hakuna jino. Sisi tuliambiwa ni ngazi.

Mchele aliuchambua mara mbili. Haukuwa na chuya hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda gereji kwa shemeji, tuongee kiume. Yeye hunyoosha bodi za magari. Mtu mkubwa, mcheshi, watoto wa mtaa mzima humning'inia mabegani. Kaninyanyua mzima mzima kwa furaha.

"Karibu mtu wa hewani! Nasikia jana ulikula mchele kwangu."

"Sikula, shemeji."

"Basi ulichambua."

Vijana wake wakacheka. Akanishika mkono kama anayenisalimia, akanipeleka kwenye jiliwa, lile dude la chuma la kubania mabati, akaweka kidole changu cha shahada katikati. Akazungusha mpini.

"Hiki ndicho cha kuchezea santuri?"

"Shemeji, nimekuja kwa heshima —"

"Na mimi nakupokea kwa heshima. Ndiyo maana nimechukua kimoja." Akazungusha tena. "Nyumba ya mtu ina mlango. Wewe ukiwa nje, uko nje. Umenielewa au niongeze sauti?"

Ukucha ulipasuka kama ganda la karanga. Nilipiga yowe, na kijana mmoja akawasha msasa wa umeme. Nadhani ni mazoea.

Baadaye alinifunga kidole mwenyewe, kwa kitambaa safi, akaninunulia soda. "Na mimi nimewapigia simu huko kwenu," akasema. "Nimetoa kumbukumbu yangu."

Kweli. Nimeikuta ofisini. "Wimbo ule umenifunza subira. Unaanza mdogo, hunyanyui mkono. Unangoja. Wakati wake ukifika, huwezi kuuzuia hata ungetaka." Mkuu wa vipindi kalengwa na machozi. Kamchagua mshindi wa kumbukumbu zote! Jumamosi sauti yake inatangulia, santuri inafuata, nzima, kwa heshima yake na mkewe.

Ataicheza nani? Mimi na vidole vyangu tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Polisi. Askari wa kaunta alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Nani kasikia?"

"Jengo zima, afande."

"Limesikia nini?"

"Muziki."

"Muziki si kosa. Niletee mtu aliyesikia kipigo."

Ningemwambia yule bibi mwenye kikohozi. Lakini shemeji humpandishia ndoo zake za maji, na bibi humsifu ngazi nzima. Angemtobolea siri kabla sijafika chini.

Basi. Nikiicheza mpaka mwisho, dada anapigwa mpaka mwisho, na jengo linafurahia okestra. Nisipoicheza, shemeji ana kanda yake nyumbani, ya wimbo uleule. Nikiikata kwenye ngoma, jengo litasikia. Lakini nikiikata, hatajua pa kuishia.

Nimempigia dada nimweleze. Kapokea shemeji. "Kesho, shemeji! Usituangushe!"

Kidole kimevimba. Kina mapigo yake, peke yake.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia hospitali, kwenye benchi la ukutani. Hati mbaya, kidole hakikunjiki.

Nilifunga mlango wa studio kwa ndani. Sauti ya shemeji ilienda hewani, subira yake yote. Nikaweka santuri. Filimbi — anavua saa. Fidla — anakunja shati. Tarumbeta. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Ngoma zikaingia, nikaziacha kidogo, awe ameshaanza. Mungu anisamehe, nilimwacha aanze. Kisha nikashusha kitufe mpaka chini.

Kimya. Kwetu kimya hewani ni kosa kubwa kuliko uongo. Taa nyekundu ikawaka. Mkuu wa vipindi akagonga kioo kwa ngumi mbili, mdomo wazi, sauti haipiti. Simu zikalia zote. Ya kwanza, daktari wa meno: kanitukana matusi ya watu wazima. Ya pili, bibi.

"Mwanangu, muziki umekatika, mbona hawa bado wanacheza?"

Nikaibana simu sikioni.

"Na mama yule bado ana... " Kikohozi chake kikakoma. "Huko si kuimba."

Kaachia simu bila kukata. Nilimsikia akigonga mlango baada ya mlango, kwa fimbo nadhani. "Tokeni! Tokeni wote, anamuua mtoto wa watu!"

Nilikimbia.

Nimefika, mlango wa dada uko chini. Muuza magodoro yuko ngazini, nondo mkononi, mdomo umepasuka. Kanieleza kwa vipande. Walivunja. Dada alikuwa sakafuni, jamaa anapiga tu, haangalii anapopiga. Wakamvuta. Akamtupa mmoja juu ya reli ya ngazi, huyo naye yumo humu hospitali, kavunjika mguu. Halafu akawaacha wote, akaenda kwenye redio. Anazungusha kitufe, anaipiga makofi, "Ziko wapi? Ziko wapi?" Mgongo kawapa.

Dada akainuka. Pasi ilikuwa mezani. Ya chuma, ile ya mama.

Kampiga mara moja, anasema muuza magodoro. Bibi hasemi ni mara ngapi.

Wamewaleta kwenye pikapu moja. Mume na mke, bega kwa bega, kama wanaokwenda kupiga picha.

Yule askari wa kaunta kaja. Jengo zima limejaa ukumbini, wengine na kandambili za bafuni. "Haya. Nani kasikia?"

Mikono yote juu. Hata muuza magodoro, na nondo yake.

"Vizuri. Na nani kaona?"

Ikashuka. Mmoja mmoja, bila haraka. Bibi alikuwa wa mwisho, akajifanya anatengeneza mtandio.

Askari kanitazama mimi. Kauliza nani alizima muziki, na alijuaje wakati. Nimesema ngoja nimalizie mstari.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi, glavu mpaka viwikoni zimelowa. Anaita ndugu wa mgonjwa aingie haraka. Hasemi mgonjwa yupi. Wote wawili ni wangu. Nimenyoosha kidole, hiki cheusi: ndugu ni mimi, na aliyezima muziki ni mimi.