Mwanaume Uliyemtukana Kwenye Grupu la Familia

Kaka Osmundi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, wewe, mama, wifi na watoto. Mimi mwili ni mzima. Kazi ni ileile ya kuhudumia wazee, baridi ya huku ughaibuni imeanza na vidole vinapasuka. Hayo ndiyo ya heri. Yaliyobaki ni hasira, na hasira yenyewe ni kwako.

Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Ujumbe wa sauti ungeusikiliza nusu, ukaufuta, halafu ukamwambia mama maneno yako. Karatasi hii anaileta dada mmoja wa Matogoro anayerudi likizo, na nimemwambia amkabidhi mama kwanza. Ikikufikia wewe, ujue nyumba nzima imeshaisikia.

Uliona kipande cha video nimemshika mkono mwanaume mmoja, watu wanatuzomea. Ukakirusha kwenye grupu la familia ukasema, "Muoneni Gaude wenu, Wazungu wamemfundisha kutembea na mashoga." Hukuniuliza kitu. Sasa sikiliza. Hapakuwa na Mzungu hata mmoja mle ukumbini. Waliotuzomea ni weusi kama mimi na wewe.

Mwanaume yule anaitwa Leroy. Ni fundi bomba, wazazi wake walitoka visiwa vya Karibea. Tulijuana baada ya polisi kumpiga kijana anayeitwa Kofi kituo cha basi, wakamvunja taya. Kosa lake ni kukimbia kuwahi basi. Mama yake ni mjane kutoka Ghana, nafanya naye kazi. Basi weusi wa mtaa ule tukaanza kukutana kwenye ukumbi tuliokodi, tukapanga kuandamana. Leroy ndiye aliyempeleka Mama Kofi hospitali na kumrudisha. Ndiye aliyemtafuta wakili. Ndiye aliyekuwa anamsagia Kofi viazi na kuvilainisha kwa supu, maana kijana alikuwa anakula kwa mrija.

Kiongozi wetu tulimwita Kamanda. Akisema juu ya mateso ya mtu mweusi, unasikia damu inachemka. Lakini kila mkutano aliongeza jambo: kwamba Wazungu wanataka kuwageuza wanaume wetu wanawake, kwamba harakati zinataka wanaume wenye vifua, na sisi wanawake tuangalie chai. Halafu mtu mmoja akaleta habari kwamba Leroy anaishi na mwanaume mwenzake. Kamanda akasimamisha mkutano.

"Leroy, ni kweli?"

"Ni kweli. Ni miaka mingi sasa," Leroy akasema. "Tumekuja hapa kwa ajili ya Kofi au kwa ajili ya kitanda changu?"

"Mbele ya polisi tunataka wanaume. Wewe utatufanya tuchekwe. Toka."

Nikasimama. Kiingereza changu unajua kinavyokwama nikikasirika. Nikauliza, "Taya la Kofi alilivunja nani? Leroy?"

Kamanda hata hakunitazama. "Mama, maji yamechemka huko jikoni."

Wakacheka, Osmundi. Wanaume ambao barabarani wanaitwa nyani, wanaojua jinsi inavyouma kuambiwa wewe si mtu kamili, walicheka. Mmoja akamsukuma Leroy mpaka mlangoni, akaanguka, akapasuka juu ya jicho. Mimi nikaenda kumshika mkono ainuke. Hicho ndicho kipande ulichokirusha. Damu ilikuwa inamtiririka usoni. Hukuiona, au uliiona ukaona anastahili?

Siku ya maandamano Kamanda alimpa Mama Kofi kipaza sauti ili atembee naye mbele. Mama Kofi akatazama huku na huku.

"Leroy yuko wapi?"

"Tumemtoa, mama. Kwa heshima ya mwanao."

"Mwanangu alipokuwa hawezi kufungua mdomo, wewe na hiyo heshima mlikuwa wapi?"

Akamrudishia kipaza sauti, akaketi palepale kwenye lami yenye maji, na koti lake zuri la kanisani. Akasema hainuki mpaka Leroy aje. Nikampigia simu, akaja na plasta juu ya jicho. Kamanda alipomwona akawaita vijana wake, wakabeba ngoma na bango kubwa wakaondoka, na watu wengi wakawafuata. Tukabaki kikundi kidogo, karibu wote wanawake. Tulitembea hivyohivyo, bila bango. Polisi walikuwa wanatutazama wakitabasamu. Hawakuwa na haja ya kutuvunja nguvu, tulishajivunja wenyewe. Kesi ya Kofi mpaka leo haijasikilizwa.

Narudi nyumbani, navua viatu vilivyolowa, nafungua simu, nakukuta wewe. Kamanda yuleyule, tofauti ni lafudhi ya mtaani kwetu Lizaboni tu. Unasema umeniondoa kuwa msimamizi wa binti yako Yustina kwenye kipaimara chake mpaka nimkane yule mtu mbele ya ukoo na kuomba radhi. Unalinda heshima ya wanaume wa nyumba yetu.

Heshima ipi? Siku tunamzika baba, Fulgensi alilia kaburini. Ukamzaba kofi mbele ya waombolezaji, mtu mzima na ndevu zake, ukamwambia asilie kama mwanamke. Mdogo wetu yuko Mbinga kwenye kahawa za watu, na kwako hajakanyaga tena. Mama anajidai hana wasiwasi. Hiyo ndiyo nyumba unayoilinda?

Sitamkana Leroy. Radhi siombi. Msimamizi muweke unayemtaka, ila nitakuja. Mama mdogo wa Maposeni amekubali nifikie kwake. Nitaingia kanisani na Yustina ataniona. Ukitaka kunitoa, njoo unitoe kwa mkono wako, mbele ya padri na jumuiya nzima, siyo kwa simu.

Msalimie mama, dawa ya kuchua magoti nimempa huyo dada, apakwe asubuhi na jioni. Msalimie wifi, namshukuru kwa kila siku anayomfulia mama. Yustina mwambie shangazi yake anamwombea. Mama mdogo aniwekee mahindi mabichi kama yatakuwa bado shambani. Fulgensi nitamsalimu mwenyewe.

Leroy naye anawasalimu. Aliniomba nimtafsirie ujumbe wako, nikamtafsiria wote, pamoja na matusi. Akauliza kama huko kwa mama maji ya bomba yanatoka vizuri. Nikamwambia siku nyingine yanatoka, siku nyingine hapana. Akasema atanipa koki mpya nije nayo.

Wewe salamu yako sina leo.

Mdogo wako, utake usitake,
Gaudensia