Muchele tuliomupelekea arbitre

Siku ya Mungu, magaribi

Na barua niliiandika minye, siwezi kuficha.

Kapiteni wetu wa rugby alimupiga arbitre, refa wa mechi, ngumi, akamuvunja taya. Komite ikakataa kumusimamisha kapiteni mbele ya mechi ya Bukavu: «Tuimalize kifamilia.» Minye sekretere wa timu nikaandika barua ya arbitre kufuta mashitaka yake, tukaipeleka kwake, kule Kasenga, pamoja na mufuko wa muchele wa Luberizi.

Arbitre akaweka sinyatire yake chini ya barua. Mama yake akashukuru.

«Mukae, wana wangu. Wageni hawatoki kwangu na njaa.»

Akatupikia muchele ule ule. Prezida wa timu yetu akamuambia arbitre: «Karibu, ndugu, tukule.»

Arbitre akamuonyesha kikombe chake. Alikuwa anakunywa uji na murija.

Nilimaliza sahani. Mama akaniongezea, nikapokea, nikasema ni mutamu.