Kendi na Orodha ya Marubani

Mpendwa Mama Kendi,

Miaka yote ulinikataza kujisifu mbele za watu, ukafariki kabla sijapona ugonjwa huo. Mwaka huu nilisimama kanisani hapa Githongo nikatangaza kwamba binti yetu atakuwa kapteni wa ndege kabla ya Krismasi. Sokoni wakaanza kuniita Baba Kapteni, nami nikaitika.

Kisha kampuni yake ikaunganishwa na nyingine kubwa. Zile ndege ndogo za propela anazorusha Kendi zikapangiwa kuuzwa, zibaki jeti tu. Orodha mbili za marubani zikatakiwa kuwa moja, na katika kazi hiyo orodha ndiyo kila kitu: aliye juu hutangulia kuchagua ndege, likizo, hata kiti cha kapteni. Wenzake wakamchagua aingie kwenye kamati ya kuipanga. Nikampigia simu mbio.

"Shikilia watu wako," nikamwambia. "Hao wengine waanzie chini."

"Baba, hao pia wamefanya kazi miaka mingi. Tutafuata tarehe yenye mtu aliandikwa kazi."

"Na wewe je?"

"Mimi nitashuka."

Nilikata simu kwa hasira. Halafu nikakukumbuka wewe, mwaka ule viwanda viwili vya kahawa vilipounganishwa na watu wakagombania nani atangulie kwenye mizani. Ulisimama ukasema, "Wacheni kila mtu afuate mwaka wenye aliingia," na wewe ndiye uliyekuwa umeingia juzi! Msimu mzima tulipima kahawa yetu mwisho, mimi nikinung'unika njia nzima, wewe ukiimba. Kendi alikuwa mgongoni mwako, amelala, au ndivyo nilivyodhani.

Jumapili iliyopita nilisimama tena kanisani nikaeleza kwamba bado si kapteni, na kwa nini. Pasta akauliza kama nataka tumwombee. Nikamjibu kwamba nimekuja kujisifu. Nisamehe, mama, nilishindwa kujizuia.

Juzi, baada ya kusomea jeti, Kendi alirusha moja kwa mara ya kwanza, akiwa rubani msaidizi. Kapteni aliyeketi kando yake ametoka ile kampuni nyingine, na alimtangulia kuajiriwa kwa siku mbili tu. Jina la bwana huyo, Kendi ndiye aliyeliandika juu ya lake, kwa mkono wake mwenyewe.

Pumzika, mwenzangu. Ulinizalia mtu.

Mumeo,
Baba Kendi